Umekula Wali?

Asubuhi ya kwanza nilidhani ananituhumu.
Nimesimama mlangoni, ndoo mkononi,
jua la Bahi bado halijapata makali,
naye Bwana Namgung, mtaalamu wa mpunga,
buti za mpira mpaka magotini,
ananiuliza kwa Kiswahili cha kuhesabu vidole:
"Mama Mloli, umekula wali?"

Nikaapa. Nikataja jina la marehemu baba.
Sufuria niliiacha na mfuniko wake,
chembe sijaionja, muulize mlinzi!
Akaduwaa kama mtu aliyesema "habari"
akajibiwa kwa kesi.

Siku ya pili akauliza tena. Na ya tatu.
Ya nne nikaanza kupima vikombe vya mchele
mbele yake, kwa sauti.
Ni Lechipya, kijana wa skimu,
aliyenivuta kando ya mfereji, anacheka mpaka machozi:
Mama, ile ni salamu. Kwao ndiyo hujambo.
*Bap mogosoyo.* Jibu ni ndiyo,
hata kama tumbo linanguruma.

Basi nikajifunza kudanganya kwa adabu.

Na mengine. Jikoni hamna daftari,
niliandika kwa mkaa nyuma ya mlango.
Lile *yo* dogo linaloning'inia mwisho wa neno
ndiyo shikamoo yao.
Sisi heshima tunaiacha mlangoni pamoja na viatu:
shikamoo, marahaba, tumeingia, tunapiga soga.
Wao wanaingia nayo, wanakula nayo,
kila sentensi wanaifunga kwayo kama mzigo wa kuni;
ukisahau kamba, kuni zinamwangukia mzee miguuni.
(Siku moja niliisahau, naongea na mama yake kwenye simu.
Bwana Namgung alijifunika uso kwa taulo.)

Naye alikuwa na zake.
Kwenye mkutano wa wakulima alisimama, akainama, akasema:
"Mke wetu anawasalimu kutoka Jeonju."
Kimya. Kisha mzee Chidumizi, kutoka nyuma:
"Wetu? Mbona hatujapangiwa zamu?"
Kicheko kilifukuza kweleakwelea ekari mbili.
Lakini usiku, naosha vyombo, nikajiuliza:
mimi ninayeishi na mtoto mmoja tu,
mbona nasema nyumbani *kwetu*?

Mlenda aliuonja, kijiko kikabaki hewani.
Kwao, akasema, mchuzi unaoteleza hivi, wa majani ya bahari,
hupewa mzazi, na kila mtu siku aliyozaliwa,
ila mwanafunzi wa mtihani haugusi, majibu yatateleza.
Nikamwambia Mloli wangu aliulamba
usiku wa mtihani wa darasa la saba, na akafaulu.
Akafikiri sana.
"Labda," akasema, "wa Bahi unanata."

Mwaka uliofuata mvua ilikata Januari.
Mpunga ukasimama kama nywele za mgonjwa.
Alikuja jikoni, hakuuliza kitu,
akakalia ndoo iliyopinduliwa,
akanieleza bibi yake alivyochemsha magome ya msonobari
wakati wa vita, na kwamba ile salamu,
hana hakika, nani ana hakika,
huenda ilizaliwa siku ambazo jibu halikuwa ndiyo.

Nami nikamweleza Mtunya,
njaa iliyomkuta bibi yangu akiwa mtoto,
watu wakatafuna ngozi walizolalia.
Sisi tulitoka humo na salamu nyingine.
*Mbukwa*, tunasema, na tumbo hatulitaji,
kwani ukimuuliza mtu kama amekula
lazima uwe na cha kumpa.

Hakujibu. Alichukua kipande cha mkaa
akaandika kitu chini ya maandishi yangu,
kwa yale maduara na vijiti vyao.
Sijui kusoma. Sijakifuta.

Mkataba wake uliisha na msimu.
Juzi simu imelia, nakoroga uji wa uwele,
uji wenyewe unashika chini, sauti inakatika:
"Mama Mloli, umekula wali?"

Nikasema ndiyo.
Na neno lilipokuwa limeshatoka
ndipo nilipolisikia mkia wake.